Kikundi cha ukoo: KWA MWALIMU, URU 🏔️

*Jumamosi*

Dada Aneth, 19:02: Habari za jioni ukoo, poleni na majukumu. Naomba kila mtu asome hadi mwisho. Zimebaki wiki kama 20 tufike mwisho wa Februari. Safari hii kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon tunazikimbia kama ukoo, tunaingia uwanja wa Ushirika pamoja, tunapiga picha moja. Mazoezi ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Kasi ni dakika 7 kwa kilomita, wote. Sasa nataka jina na kilomita ulizokimbia wiki hii. Naanza mimi: 14.

Dada Aneth, 19:40: Naona tiki za bluu. Majibu sioni.

Mama Brayan, 19:44: Tupo wifi, tuko jikoni 😀

Joel, 19:51: Mimi Jumatatu nilipiga 6 kwa dakika 34. Jumanne 6 tena. Jumatano 7. Tangu Alhamisi ngazi nashuka kinyumenyume.

Gift, 19:52: 😂😂😂 kinyumenyume

Mama Brayan, 19:53: Pole shemeji. Ngazi za ghorofa ya ngapi?

Joel, 19:53: Ya nne

Gift, 19:54: 😂😂😂😂

Dada Aneth, 19:57: Joel chua na maji ya moto, Jumatatu uendelee. Tusianze visingizio mapema hivi.

Bamdogo Eli, 20:10: Aneth ngoja kidogo. Joel panauma wapi?

Joel, 20:11: Shikamoo bamdogo. Mbele ya muundi, miguu yote miwili, kuanzia katikati kushuka chini.

Bamdogo Eli, 20:14: Marahaba. Basi Jumatatu usikimbie. Pumzika wiki nzima, tembea tu. Bonyeza na kidole taratibu. Maumivu yakiwa yamesambaa, mapumziko yatasaidia. Ukikuta panauma mahali padogo pamoja tu, hata umekaa, nenda hospitali wakuangalie mfupa. Hiyo siyo ya kuchua.

Joel, 20:15: Lakini bamdogo pumzi ninayo kabisa. Nilikuwa naweza kuongeza.

Bamdogo Eli, 20:21: Ndipo mnapoumia hapo. Pumzi inazoea ndani ya wiki chache. Kano na mifupa vinataka miezi. Mimi kila wiki napandisha watu mlimani kwa njia ya Machame. Siku ya kwanza msituni kuna vijana wa mazoezi wananipita wanacheka, nawaambia polepole hawasikii. Siku ya tatu mkoba wa yule yule aliyenipita nimeubeba mimi.

Joel, 20:24: Sawa. Ila Filbert Bayi hakuwa anasubiri mtu. Christchurch 1974 alitoka mbele tangu mwanzo, hakuna aliyemgusa, rekodi ya dunia 3:32.2.

Gift, 20:26: Na Alphonce Simbu kwenye marathon ya dunia Tokyo, Septemba 2025? Alikaa ndani ya kundi zaidi ya saa 2. Mjerumani kaingia uwanjani mbele, Simbu kamkuta mstarini. Wote 2:09:48, kamshinda kwa sekunde 0.03 tu.

Mama Brayan, 20:27: Usiku ule nilipiga kelele mpaka Brayan akaamka. Ilikuwa karibu saa 10 alfajiri jamani.

Gift, 20:27: Jirani yetu alidhani mwizi 😂

Dada Aneth, 20:29: Tusitoke nje ya mada. MAJINA NA KILOMITA.

Shangazi Rose, 20:33: [Picha: Usiku mwema wenye baraka 🌹]

Shangazi Rose, 20:35: Aneth mwanangu na mimi umeniandika?

Dada Aneth, 20:36: Nimekuandika ile ya kilomita 5, shangazi.

Bamdogo Eli, 20:38: Dada Rose presha umepima lini?

Shangazi Rose, 20:41: Juni

Bamdogo Eli, 20:42: Pima wiki hii na umwambie daktari unataka kufanya nini. Ile ya 5 wengi wanatembea, hakuna atakayekukimbiza.

Shangazi Rose, 20:44: Basi nitatembea na mwavuli wangu

Mama Brayan, 20:46: Swali. Desemba tunapanda nyumbani wote. Nani anakimbia na mbuzi wa ndafu yuko mezani?

Gift, 20:46: Ndafu ni mazoezi ya nguvu

Joel, 20:47: Mbege ya ndizi ni maji ya njiani

Gift, 20:47: 😂😂😂 kila kilomita 5 kata moja

Mama Brayan, 20:48: Mimi kituo cha maji cha kwanza tu mnisahau

Dada Aneth, 20:52: JAMANI. Nani yuko serious hapa?

Deo, 21:15: Na zile hela za fulana?

Dada Aneth, 21:16: Deo nilishaeleza.

Deo, 21:19: Ulieleza, sikatai. Nauliza ziko wapi.

Dada Aneth, 21:20: Nitakupigia.

*Jumapili*

Dada Aneth, 14:05: Mmetoka ibada salama? Mpaka sasa nina jina langu, la Joel mgonjwa, na la shangazi. Upendo, umesoma tangu jana. Unasemaje?

Upendo, 22:41: Samahanini nachelewa kujibu. Dada Aneth, naomba niseme moja kwa moja. Dakika 7 siiwezi, na Februari sitaijaribu.

Safari iliyopita niliijaribu. Nilitoka Ushirika na nyinyi kwa hiyo hiyo 7, kilomita 4 za kwanza nilijiona niko vizuri. Mlima wa Mweka unaanza, mimi nimeshamaliza kila kitu. Mkasema tutakusubiri juu. Nilipofika juu hapakuwa na mtu. Kushuka ndiko kulikonimaliza, mapaja yanatetemeka, natembea peke yangu na watu wa maji wanakusanya chupa. Ile picha mnayoiweka kila mara, mimi simo.

Upendo, 22:49: Machi nilianza upya kama mtu ambaye hajawahi. Nakimbia dakika 1, natembea 2, mara 8, basi narudi nyumbani. Siku 3 kwa wiki, na kati yake napumzika. Mei nikafika kukimbia 5 natembea 1. Julai nilikimbia dakika 30 bila kusimama, nikalia pale pale barabarani. Kasi ilikuwa 9 na kitu. Jana asubuhi nimekwenda 5 kwa dakika 41, na njia nzima nilikuwa napiga soga na jirani yangu. Sijaifukuza kasi hata siku moja. Imekuja yenyewe, pumzi ni ile ile.

Saa siangalii sana, naangalia kama naweza kumaliza sentensi. Nikilala vibaya au jua likinikuta, napunguza na sijali. Ile ndefu ya Jumamosi naongeza kilomita 1, wiki ya nne nashusha kidogo mwili upumue, halafu naendelea.

Upendo, 22:52: Februari nitatoka kwa 9 mpaka mlima uishe, kwingine nitaona mwili unavyosema. Wastani wa 8 na nusu unanipa chini kidogo ya saa 3. Nikiupata nitashukuru sana. Anayetaka kwenda na mimi aseme.

Dada Aneth, 23:01: Hayo tuliyamaliza kwenye kikao cha Rau, Upendo.

Upendo, 23:02: Rau sikuitwa, dada.

Dada Aneth, 23:04: *Ujumbe huu umefutwa*

*Jumatatu*

Babu, 06:12: Wajukuu zangu, hamjambo. Nimesoma yote tangu juzi. Nimefundisha miaka 34 na kila asubuhi tulikwenda mchakamchaka. Wadogo niliwapanga mbele, wakubwa nyuma. Wimbo ukiitikiwa kwa nguvu, mwendo ni mzuri. Wimbo ukikatika nilijua mbele wamezidisha, nikapunguza mstari wote. Sikurudi shuleni hata siku moja na mtoto pungufu.

Joel, Bayi alikimbia mita 1500. Wewe unakwenda kilomita 21.

Aneth, safari iliyopita nilikuwa nimekaa pale Ushirika kwenye kiti. Mlifika watano. Nikauliza, mkaniambia wote wamefika, twende tukale. Upendo nilimsubiri mimi.

Bamdogo Eli, 06:40: Shikamoo mzee.

Gift, 07:15: Shikamoo babu 🙏

Mama Brayan, 07:16: Shikamoo baba

Joel, 07:30: Shikamoo babu. Nimekuelewa.

Shangazi Rose, 08:02: [Picha: Wiki njema]

Dada Aneth, 12:47: Shikamoo babu. Nimesoma asubuhi nikashindwa kuandika. Nilikosea. Upendo nitakupigia jioni, sitaki kuyaandika hapa.

Babu, 12:58: Marahaba.

Dada Aneth, 13:20: Basi tufanye hivi. Kundi la mbele la 7 na kundi la 9. Kundi la 9 ataongoza Upendo. Au twende wote 9? Sijui. Semeni.

Joel, 13:24: Mimi niko nyuma ya Upendo, muundi ukikubali. Nimebonyeza, maumivu yamesambaa, hakuna mahali pamoja.

Bamdogo Eli, 13:31: Afadhali. Ukirudi anza na ile yake ya 1 kwa 2. Usiruke.

Joel, 13:32: Dakika 1 bamdogo? Moja?

Bamdogo Eli, 13:32: Moja.

Mama Brayan, 13:40: Bamdogo, raba za mtumba za soko la Memorial zinafaa au lazima mpya?

Bamdogo Eli, 13:52: Zinafaa ukichagua. Kunja soli, ikiwa imekauka kama ubao au imelika upande mmoja, achana nayo. Mbele ya kidole kikubwa cha mguu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Na nenda kupima jioni, miguu inakuwa imejaa.

Dada Aneth, 13:55: Kwa hiyo Mama Brayan nikuandike?

Mama Brayan, 14:30: Nauliza bei kwanza wifi

Gift, 14:31: Mimi nina mitihani, nitasema

Deo, 15:10: 👍

Dada Aneth, 15:11: Deo, dole hilo ni la 21 au la 5?

Dada Aneth, 18:22: Upendo nimepiga mara mbili.

Upendo, 18:25: Niko barabarani dada, leo siku yangu. Nipigie saa 2.

Gift, 18:26: Si ulisema unakimbia huku unaongea 😂

Dada Aneth, 18:27: Gift nyamaza. Sawa mdogo wangu, saa 2.

Shangazi Rose, 19:48: Aneth nimepima leo, 150 kwa 95. Daktari kaniambia nirudi Alhamisi. Usinifute kwanza.

Dada Aneth, 19:49: Sikufuti shangazi.