Asali kwa mtoto wa miezi saba: nithibitishe wapi?

Mama Nuru: Habari zenu, wazazi wenzangu. Mwanangu anakohoa, na ujumbe unaosambazwa WhatsApp unashauri nimlambishe asali; nawezaje kujua kama ni kweli?

Baba Sudi: Usimpe, dada yangu. Asali, hata ile ya nyuki wadogo inayosifiwa mno, inaweza kuwa na vimelea vya botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli, ndiyo maana haifai kwa mtoto aliye chini ya miezi 12. Mimi huanzia tovuti za Shirika la Afya Duniani na UNICEF.

Bi Rehema: Tazama pia nani ameandika, lini, na kama anauza dawa. Lakini akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, weka simu chini umwahishe kituo cha afya.