Mmeniuzia dreni ya bwawa isiyokubali bomba letu, halafu "mali ikishauzwa hairudishwi"?

Wakuu salaam. Uzi huu nauandika na hasira zangu, mwenye haraka apite.

Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Bagamoyo, vyumba 6 na kibwawa cha kuogelea, na hicho kibwawa ndicho kinachowatoa watu Dar wikiendi wakaja kwangu. Kati ya kingo za bwawa na sakafu inayolizunguka kuna kimfereji cha plastiki chenye matundu juu, ndiyo hiyo dreni. Hapo yanaingia maji wanayomwaga watoto wakiruka, na maji ya mvua, yasirudi bwawani na tope lake. Cha zamani jua lilishakimaliza, ukikikanyaga kinavunjika kama biskuti, na ndani kimeshiba mchanga.

Fundi wa kwanza alitaka laki 9, vifaa juu yangu. Wa pili akanishauri nikizibe kwa sementi yaishe. Nikizibe! Maji yaende wapi, chumba namba 2?

Nikaamua kufanya mwenyewe. Nimekulia kwenye saiti za marehemu baba, grenda na tindo si vitu vya kunitisha.

Nikapanda gari hadi Kariakoo, mkobani nina kipande cha dreni ya zamani na kipande cha bomba la milimita 50, maana ndilo lililofukiwa chini ya sakafu yangu. Nikaviweka vyote kaunta. Kijana akatazama sekunde mbili: "Inaingia hiyo dada'angu, saizi yake kabisa." Nikaomba afungue paketi ya viungio tujaribu. Hawafungui kabla ya malipo. Nikauliza tena, una uhakika? "Mwambie fundi wako apake gundi ya kutosha, yeye anaelewa." Nikamwambia fundi ni mimi. Wakacheka, yeye na mwenzake wa kupokea hela.

Nililipa 312,000: vipande vinne vya mita 3 na viungio viwili vya kutolea maji. Risiti ya EFD ninayo. Kosa langu ni moja, nilishalipa na bado sikufungua ile paketi pale pale mbele yao. Jua lilikuwa linazama, nikawahi gari.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na hilo nalisema bila aibu. Nilikata sakafu pande zote mbili kwa grenda, nikachimbua taratibu nisiguse kingo, nikavuta uzi, nikaipa dreni mteremko wa nusu sentimita kila mita kuelekea kwenye tundu la kutokea. Matundu ya juu nikayabandika selotepu ya rangi ili zege lisiingie. Mchanga nilinunua wa mtoni, wala si ule wa bure wa ufukweni ambao jirani yangu alijengea, na sasa ukuta wake unatoa unga mweupe wa chumvi kila mwaka. Ule mwanya wa pembeni mwa kingo nikaujaza silikoni, maana zege likibanana na kingo, jua likiwaka lazima kitu kipasuke.

Ndipo ikafika zamu ya kuunganisha. Kiungio kinacheza ndani ya soketi ya bomba langu kama pete ya kuazima. Karatasi nimeikunja mara tatu, ikapita kwenye mwanya bila kusukumwa. Nikaazima venia, kile kipimo cha unene, kwa fundi pikipiki: kiungio kina milimita 48.3.

Wakuu, hiyo ni inchi moja na nusu ya Kimarekani! Bomba lao la jina hilo lina 48.3 kwa nje, letu lina 50. Na gundi ya PVC haijazi pengo, inayeyusha uso wa plastiki ili zikigusana zishikane. Zisipogusana, hata upake ndoo nzima ni kazi bure. Nikapiga simu dukani. Jibu: "Paka nyingi, halafu funga na mpira wa tyubu."

Nami, wageni wanaingia Ijumaa, nikafanya huo upuuzi. Nikafunga tyubu, nikafukia. Nitukaneni tu.

Masika haikunipa hata wiki. Maji yakawa yanavujia chini ya sakafu na kukomba mchanga. Kwanza nikawa nikigonga vigae vya ile kona nasikia uvungu, baadaye vikatitia vidole viwili. Mtoto wa mgeni akajikwaa hapo, ashukuriwe Mungu aliangukia majini. Nimebomoa upya kazi yangu mwenyewe.

Nikarudi dukani na viungio, bomba na venia. Kijana yuleyule akanionyesha maandishi ya mhuri kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu akaongeza, "Kwani fundi wako hakupima?"

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 214, ipo. Ukimweleza muuzaji wa bidhaa hizo kazi unayokwenda kufanyia, ukategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Mimi sikueleza tu, nilimpelekea na bomba lenyewe mezani. Wanasheria mliomo humu, mhuri wa duka unaipiku sheria tangu lini?

Ninachotafuta sasa ni ule mpira mnene wa kuunganishia mabomba ya saizi mbili tofauti, unaobanwa na klempu huku na huku. Klempu ziwe za stenlesi, chuma cha kawaida hapa chumvi inakila upesi sana. Mwenye kuuona dukani, iwe Dar au Tanga, aniwekee picha na bei. Nahitaji miwili.

Na atakayekuja kuniambia nipake gundi, namuomba apite kimya kimya.