Yerba mate inatoka chungu na mrija unaziba: wenyewe huiandaaje?

Swali
Ndugu zangu, nimeletewa zawadi kutoka Argentina: majani ya yerba mate, kibuyu kidogo na bombilla, yaani mrija wa chuma wenye kichujio upande wa chini. Nimeyaandaa kwa maji yanayotokota, kama chai ya kawaida, na kinywaji kimekuwa kichungu mno. Tena mrija huziba baada ya mafunda machache. Naomba pia kufahamu kama ni kweli kwamba kinywaji hiki husababisha saratani.

Jibu la kwanza
Uchungu huo unatokana na maji. Yaepue yanapoanza kuvuma, kabla hayajachemka, yakiwa kati ya nyuzijoto 70 na 80. Jaza majani hadi theluthi mbili za kibuyu, ziba mdomo kwa kiganja, kipindue na ukitikise ili vumbi lipande juu, kisha kirudishe taratibu kikiwa kimeinama, majani yaegemee upande mmoja na upande wa pili ubaki wazi. Mimina hapo maji kidogo ya uvuguvugu, subiri majani yavimbe, ndipo usimike mrija. Tangu wakati huo usikoroge kamwe, kwani kukoroga ndiko kunakosukuma vumbi kwenye kichujio. Endelea kumimina maji palepale penye mrija, ili majani makavu ya upande wa pili yabaki kuwa akiba ya ladha.

Jibu la pili
Niongeze kuhusu adabu, kwa maana mate, yaani kinywaji cha majani haya, hunywewa kwa pamoja. Mtu mmoja, anayeitwa cebador, hunywa funda la kwanza lililo chungu zaidi, kisha hujaza kibuyu na kumpa kila mmoja kwa zamu. Anayepewa hunywa hadi kikauke, ndipo akirudishe. Ukisema «gracias», yaani asante kwa Kihispania, unaporudisha, umeeleza kwamba umetosheka, na hutapewa tena. Kinywaji hiki asili yake ni kwa Waguarani, wenyeji wa Amerika Kusini, na nchini Paraguay hupendwa pia kikiwa baridi, kwa jina la tereré, pamoja na mitishamba iliyopondwa. Desturi hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Kwa joto la pwani yetu, ningeanza na hiyo.

Jibu la tatu
Kuhusu saratani, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilieleza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vikasababisha saratani ya umio, ilhali mate isiyo ya moto sana haikupatikana na ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo namwomba ndugu wa kwanza aniwie radhi: nyuzi 80 zinafaa majani lakini si koo, hasa kwa kuwa mrija hupeleka maji moja kwa moja nyuma ya ulimi. Acha kibuyu kipoe kidogo kabla ya kunywa. Na kwa kuwa majani haya yana kafeini, usiyanywe usiku ikiwa kahawa hukunyima usingizi.