Mrejesho: Gitaa na akili isiyotulia

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita niliwaomba ushauri: napenda gitaa kuliko kitu chochote, lakini nikilishika, dakika kumi haziishi nishachukua simu. Wengi mlisema simu ikae chumba kingine. Nilibisha moyoni, nikidhani kuzima sauti kunatosha. Hakutoshi. Ikiwa karibu, mkono unaitafuta wenyewe.

Sasa inabaki chumbani, mimi nafanyia mazoezi sebuleni, dakika 25 kisha napumzika 5. Lakini kilichonibadilisha hasa ni yule aliyeniambia nichague kitu kimoja kabla sijakaa. Zamani nilikuwa narukaruka, wimbo huu nusu, ule robo. Safari hii wiki mbili nzima nilihangaika na kuhamisha vidole kutoka mshiko wa nyuzi uitwao C kwenda ule wa F, ule wa kubana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja. Polepole mno, mpaka vidole vikaacha kukwama. Siku nyuzi zote zilipotoa sauti safi, machozi yalinitoka.

Usiku nikichoka akili bado inatangatanga, kwa hiyo nimehamia asubuhi. Uliyenipa lile la kitu kimoja, Mungu akubariki sana. Kesho naanza wimbo mzima.