Mjadala: Wasichana wanne kwenye boti moja, au tumpeleke mmoja?

Binti wa Mjimwema

Wadau, salaam. Kuna jambo linanikereketa, naomba tulijadili kwa uwazi. Nilikwenda ofisi moja ya michezo hapa Dar (siitaji) kuomba wasichana wa pwani yetu wasaidiwe boti ya makasia ya watu wanne, ile ambayo kila mmoja anashika makasia mawili. Nikaambiwa: tafuta msichana mmoja mwenye nguvu tumpeleke mashindanoni, wanne ni gharama. Mimi nasema tuanze na wanne, na nasema hivyo kwa sababu nimekaa kwenye boti hiyo.

Nilijifunzia boti ya kuazima, ghuba ya Msasani, saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka. Ukivuta makasia mawili, mikono hupishana mbele ya tumbo, wa kushoto ukipita juu ya wa kulia. Ukikosea kidogo tu, kucha za mkono wa juu zinachuna vifundo vya mkono wa chini. Wiki ya kwanza vidole vyangu vilikuwa na damu, na maji ya chumvi yakiingia pale unaona nyota. Siku ya tatu nilitaka kuacha. Nikakumbuka kwamba nisipofika, wenzangu watatu nao hawaondoki ufukweni. Nikafika. Kesho yake mwenzangu akataka kuacha, naye akafika kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 2024 kwenye Olimpiki, huko Vaires-sur-Marne, nje kidogo ya Paris, boti ya wanawake wanne ya Uingereza ilifukuzana na Uholanzi mpaka makasia ya mwisho, ikashinda kwa sekunde 0.15. Boti tisa zilishindana. Ya Afrika haikuwemo hata moja. Hilo linaniuma, na nauliza: tuanzie wapi?

Mchambuzi wa Ilala

Dada, moyo wako nauheshimu, lakini kanuni hazikusaidii. Mashindano ya kufuzu ya Afrika kwa ajili ya Paris yalifanyika Tunis mwaka 2023, na boti ya wanne haikuwa na nafasi pale. Wanne hufuzu kwenye mashindano ya dunia, wakigombea nafasi na China, Ujerumani na Uholanzi. Wachina walishinda Olimpiki ya Tokyo kwa dakika 6 na sekunde 5 katika mita 2,000. Huwezi kuwafikia watu hao ukiwa na boti ya kuazima.

Sasa mtazame Kathleen Noble wa Uganda. Nchi yake haina bahari, lakini ameshiriki Olimpiki mara mbili, Tokyo na Paris, peke yake kwenye boti ya mmoja. Njia ipo na imeshapitwa. Sisi medali zetu za Olimpiki ni mbili tu tangu tupate uhuru, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980, na wote wawili walikimbia kila mtu kivyake. Fedha ni chache. Mpeni mmoja.

Fundi wa Faiba, Kunduchi

Nawasoma nyote mnazungumzia boti kana kwamba boti zote ni moja. Ile ya maji yaliyotulia ya watu wanne ni nyembamba kama sindano, uzito wake unaruhusiwa kushuka hadi kilo 52. Iingize nje ya Msasani saa tano asubuhi, kusi likivuma, uone itakavyojaa maji. Na Dar hatuna kilometa mbili za maji tulivu zisizo na meli, feri wala bamvua.

Ila ipo boti ya bahari ya wanne na mshika usukani. Hii haizidi mita 10.7, haipungui kilo 150, na tezi lake, yaani nyuma ya boti, liko wazi ili maji yakiingia yatoke yenyewe. Hiyo ni boti ya bahari kama yetu. Mimi natengeneza boti za faiba mwaka wa kumi na tisa sasa. Umbo lake naliweza. Kinachonishinda ni zile reli za kiti kinachoteleza na vyuma vya kushikilia makasia, hivyo lazima viagizwe. Mkileta vyuma, gamba la boti ya kujifunzia nitalifanya kwa bei ya vifaa tu. Nasema mbele ya watu.

Mama wa Mbagala

Wanangu, shikamaneni na ukweli. Nani kati ya hao wasichana anajua kuogelea? Mimi nimezaliwa Mafia. Wanawake wa kwetu bahari tunaijua kwa magoti: tunakwenda pweza maji yakipwa, tunafunga mwani, yakianza kujaa tunarudi. Kupanda chombo ilikuwa kazi ya wanaume, na hata hao wanaume nimewaona wakirudishwa wamelala. Ndugu yangu mmoja alirudi hivyo. Binti yangu anacheza netiboli, uwanja uko nyuma ya shule, mpira unanunuliwa mara moja kwa mwaka, na jioni yuko nyumbani. Kwa nini fedha ya serikali isiende huko?

Mwalimu mstaafu, Temeke

Mama yangu, sikubishii kuhusu kuogelea. Nitakujibu lile la kazi ya wanaume. Wanawake waliingia mbio za makasia za Olimpiki Montreal mwaka 1976, na waliruhusiwa mita 1,000 tu, nusu ya wanaume. Boti yao ya wanne ililazimika kubeba mtu wa tano wa kuwaongoza. Ilichukua mpaka Seoul 1988 kupewa mita 2,000 na kuachiwa boti wenyewe. Kwa hiyo hata huko kwenye nchi zenye fedha waliambiwa hawaiwezi bahari, na ziwa pia.

Binti wa Mjimwema

Shikamoo mama. Pole sana kwa ndugu yako. Jibu langu la kwanza ni kwako: msichana asiyejua kuogelea hapandi boti. Miezi mitatu ya mwanzo ni maji ya kifuani, maboya mwilini, na kila siku tunapindua boti makusudi ili ajifunze kurudi ndani. Hilo sitalipunguza hata nikipewa boti kesho. Na netiboli sitaki inyimwe hata shilingi. Naomba sehemu ya fedha za boti ambazo tayari ofisi ile ilikubali kumpa mmoja.

Kaka Mchambuzi, umesema kweli kuhusu kufuzu, wala sitaki nikuzunguke. Lakini Noble alijifunza makasia akiwa chuoni Princeton, Marekani, akiwa na klabu, makocha na wenzake kila asubuhi. Umemwona akiwa peke yake siku ya mashindano. Aliowavuta nao miaka yote hukuwaona. Msichana wetu wa Kigamboni atapewa boti ya mmoja, atakwenda majini peke yake, hakuna wa kumwambia kasia lake la kulia linachelewa. Wiki ya pili mama yake atamkataza, na mama atakuwa na haki.

Bahari nayo ina mashindano yake ya dunia, na humo boti ya wanawake wanne na mshika usukani imo. Los Angeles 2028 mbio za ufukweni zinaingia Olimpiki: mtu anakimbia mchangani, anarukia boti, anazunguka maboya, anarudi na kukimbia tena. Ni boti ya mwanamke mmoja, ya mwanamume mmoja, na ya wawili mchanganyiko. Huyo mmoja nataka atoke ndani ya wanne, akiwa amezoea mawimbi na amewahi kumfukuza mwenzake.

Mchambuzi wa Ilala

Hapo umenisogeza, ila si mpaka mwisho. Mbio za ufukweni zimewekwa pia kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, kwa hiyo nakubali kwamba bahari ndiyo mlango wa Afrika. Boti ya wanne ya kufundishia, sawa. Ila fedha ya kusafirisha wanne na mshika usukani nje ya nchi bado naipinga. Wafunzwe wanne, asafiri aliyewazidi wenzake.

Binti wa Mjimwema

Na watatu watakaobaki ufukweni tutawaambia nini, kaka? Nimekaa nao. Nawajua kwa migongo yao, maana kwenye boti mnatazama tezi wote na unachokiona ni mgongo wa aliye mbele yako. Angalau mara moja wapelekwe wote, hata Mombasa. Kenya wametoa Asiya Sururu aliyevuta makasia Paralimpiki ya Tokyo. Basi la usiku linatosha, na boti tutaazima kwa wenyeji.

Mchambuzi wa Ilala

Mombasa sipingi.

Mama wa Mbagala

Hayo mafunzo ya kuogelea ni lini?

Binti wa Mjimwema

Jumamosi mama, Kigamboni, maji yakiwa yamejaa nusu. Mlete, nawe uje na kanga ya kubadilisha, maana hutakaa mchangani.