Mwanangu auliza kama kuna viumbe sayari nyingine, chuoni (madrasa) aambiwa ni kufuru. Nimjibu vipi?

MamaMahamri (Kisauni)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nna kijana wangu wa gredi ya nane, mtoto mpole hana makuu, ila maswali yake yatakutoa jasho. Juzi mwalimu wa sayansi aliwaeleza habari ya jiwe la sayari ya Mirihi lenye madoadoa, akawaambia wanasayansi washagundua uhai huko. Jioni kaenda chuoni, swali halikumkaa mdomoni: "Ustadh, hao viumbe wa Mirihi nao watafufuliwa Kiyama?" Ustadh akapandwa na hasira, akamwambia hayo maneno ni kufuru na asiyarudie tena. Wenzake nao washambandika jina, sasa mtaa mzima ni "Mirihi, Mirihi".

Kaka yangu naye akaja kutia chumvi, ati hivyo vyombo watu wanavyoviona angani ni majini matupu, hakuna cha sayari wala nini. Basi mtoto kagoma chuo. Kanijia nakanda unga, akaniuliza, "Mama, mwalimu na ustadh, nani anadanganya?" Nikamwambia asubiri kwanza unga uumuke. Hadi leo anasubiri.

Mimi shule nilikomea kidato cha nne, na chuo nilihitimu, lakini hili limenishinda. Sitaki aache chuo, na sitaki aichukie sayansi. Nimwambie nini? Na ustadh nimwendee ama ninyamaze?

KijanaWaMwembeTayari

Mwambie viumbe wa ajabu tunao hapa stejini, wale wanaopandisha nauli tone la kwanza la mvua likidondoka. Pole lakini mama, wenye elimu waja.

Fizikia_Tudor

Mama, nafundisha fizikia sekondari, na huyo mwalimu mwenzangu kavuka mpaka. Jiwe lipo. Uhai haujagunduliwa.

Roboti ya Marekani iitwayo Perseverance ilitua Mirihi Februari 2021, mahali paitwapo Jezero, ambapo zamani sana palikuwa na ziwa na mto ukiingia. Mwaka 2024 ikalikuta jiwe hilo. Hapa duniani madoa ya namna ile mara nyingi huhusishwa na vijidudu vinavyoishi kwenye tope. Utafiti ulipochapishwa Septemba 2025, waandishi wake walipima maneno: yawezekana ni alama ya vijidudu vya kale, na yawezekana ni kemia tu isiyohitaji kiumbe chochote. Kipande kilichokatwa kimefungiwa kwenye kijibomba huko huko Mirihi, hakuna maabara ya duniani iliyokigusa.

Na tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 1996 jiwe la Mirihi lililookotwa Antaktika lilitangazwa kuwa na dalili za vijidudu, mpaka Rais Clinton akasimama mbele ya kamera kulizungumzia. Leo wanasayansi wengi hawaukubali ushahidi ule.

Jambo jingine. Mtoto akisikia "uhai" anafikiria watu wenye vichwa vikubwa na macho ya bundi. Ndani ya mfumo wetu wa jua, wanaotafuta wanatafuta vijidudu. Mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, uitwao Europa, una dalili nzito za bahari ya chumvi chini ya barafu, na maji yake yanakadiriwa kuzidi ya bahari zetu zote. Chombo kiitwacho Europa Clipper kiliruka Oktoba 2024, kitafika 2030. Hata hicho hakikutumwa kutafuta kiumbe, kimetumwa kupima kama mazingira ya pale yanaweza kubeba uhai.

Nje ya jua letu, sayari ya kwanza kuzunguka nyota inayofanana na jua ilitangazwa 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz, wakapewa Nobel 2019. Sasa zilizothibitishwa zimepita 6,000. Hakuna hata moja tuliyothibitisha ina chochote kilicho hai. Na kuzifikia usifikirie. Nyota jirani kabisa na jua, Proxima, iko miaka ya nuru 4.2, yaani nuru yenyewe husafiri miaka minne na zaidi kutufikia. Chombo cha anga Voyager 1 kimekuwa safarini tangu 1977, na kwa mwendo wake kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kwenda umbali huo.

Kwa hiyo kijana akiuliza "wapo?", jibu la sayansi ni kwamba tunatafuta, na mikono bado mitupu. Mwalimu aliyesema "washagundua" hakufundisha sayansi, alipiga stori.

Mkereketwa_Mishomoroni

Huku kwetu mfereji unatoa hewa mwezi mzima, watu wanatafuta maji Mshtarii. Haya.

Maalim_Kibokoni

Wa aleikum salaam dada yangu. Mimi nasomesha watoto miaka mingi, na nitaanza na ustadh, maana ndiye anayekuumiza roho. Mtoto kuuliza si kufuru. Hakukanusha Kiyama, bali aliuliza nani wanaingia humo, na hilo ni swali la mtu anayekiamini. Kuna maalim wakiulizwa wasichokijua hukimbilia ukali. "Allahu aalam" haimpunguzii mtu kilemba.

Tuje kwenye Kitabu. Sura ya 42 aya ya 29 inataja katika ishara za Mwenyezi Mungu kuumbwa kwa mbingu na ardhi na viumbe aliowaeneza humo, kote kuwili, na kwamba Yeye ni Muweza wa kuwakusanya atakapo. Msomeshe aya hiyo, kwani imegusa kuenezwa na imegusa kukusanywa, yaani swali lake lenyewe. Lakini usiruke ukamwambia "Qur'ani imethibitisha watu wa Mirihi", manake wafasiri wa zamani kama Ibn Kathir wamewaingiza humo malaika, binadamu, majini na wanyama. Aya imeacha mlango wazi. Haikutwambia nani kaketi upande wa pili.

Vijana siku hizi hupenda pia kutaja sura ya 65 aya ya 12, mbingu saba na ardhi mfano wake, na maneno yaliyopokewa kutoka kwa sahaba Ibn Abbas kwamba kila ardhi ina Adam kama Adam wenu. Mwanachuoni wa hadithi Al-Bayhaqi aliyapokea, akasema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ni sahihi lakini maneno yenyewe ni shadhi, yaani yamejitenga na mapokezi mengine. Hiyo haitoshi kujengea itikadi. Mwambie tu yalisemwa, ajue wazee wetu hawakuogopa kuyazungumza.

Na kaka yako, kwa heshima zake: majini tunayaamini, ila si kila taa angani ni jini. Nayo dini haikutuomba tujaze kila tusichokijua kwa jini.

Kwa ustadh nenda, lakini usimtangulize mtoto, na usiende na simu yenye mjadala huu. Mpe nafasi baada ya alasiri watoto wakishatawanyika. Usimwambie amekosea. Mwambie, "Ustadh, mwanangu ana swali juu ya aya hii, nisaidie." Akiifungua mwenyewe, mambo yatajinyoosha.

Fizikia_Tudor

Kwa kaka naongeza moja. Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja, likasema kwa uchunguzi wa awali ni kipande cha roketi. Kama kingebaki juu kikimetameta usiku, nani asingesema jini?

Mama_Neema_Changamwe

Mimi ni Mkristo, naomba nichangie kidogo maana kwetu hali ni ile ile. Kanisani kuna wanaosema viumbe wa anga ni mapepo, na kuna wanaonukuu Yohana 10:16, kondoo wengine wasio wa zizi hili, ati ndio hao. Tafadhali. Walimu wa Biblia wengi husoma pale watu wa mataifa mengine, wasiokuwa Wayahudi.

Lakini wakubwa wa dini hawakulikimbia swali. Mwaka 1277 Askofu Tempier wa Paris alipiga marufuku kufundisha kwamba Mungu hawezi kuumba dunia zaidi ya moja, yaani kosa lilikuwa kumwekea Mungu mpaka. Na 2008 Padri José Gabriel Funes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Vatikani, alisema kuamini uwezekano huo hakupingani na imani. Kwangu mimi shida inaanzia kwingine: kama wapo na wana akili, habari ya dhambi ya Adamu na wokovu inawahusu vipi? Hilo wanateolojia bado wanavutana, na sitajifanya nimelitatua kwenye matatu ya Changamwe.

BahariaMstaafu

Mpeleke kijana Ngomeni, kule upande wa Malindi, akaangalie baharini. Majukwaa ya San Marco ya Waitaliano yalisimamishwa pale kwa miguu ya chuma, na ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setelaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa Jamhuri Dei wakaiita Uhuru. Haikuwa ya kutafuta viumbe, lakini watoto wa pwani wanadhani mambo ya anga ni ya wazungu peke yao, na roketi ilipita juu ya mitumbwi yetu.

Na kama una jirani aliyefanya kazi melini, azima darubini yake ya macho mawili. Mshtarii ikiwa juu, egemeza viwiko kwenye ukuta wa paa, mikono isitetemeke. Utaona vinukta hadi vinne vimejipanga kando yake. Kimoja ni hiyo Europa ya mwalimu.

MamaMahamri (Kisauni)

Nawashukuru, wallahi. Nimemsomesha ile aya jana usiku, akanyamaza kitambo, nikadhani imekwisha. Kumbe anapika jingine: "Sasa mtu akiwa angani aswali kuelekea wapi?" Maalim, nimekuja mbio.

Maalim_Kibokoni

Hilo lina jibu, tena la maandishi. Mwaka 2007 Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alikwenda kituo cha anga, na safari ikaangukia Ramadhani. Baraza la fatwa la Malaysia likaandika mwongozo: aelekee Kaaba akiweza, asipoweza aelekee usawa wa Kaaba huko juu, asipoweza aelekee dunia, na hilo likishindikana aelekee popote. Nyakati za swala afuate saa za mahali aliporukia, kwa sababu kituo kile huzunguka dunia mara 16 hivi kwa siku, na kila mzunguko una alfajiri yake na magharibi yake. Saumu aliruhusiwa kuichelewesha mpaka arudi.

Kijana akitaka kujua alisujudu vipi pasipo na uzito, mlete Kibokoni Jumamosi, tulisome pamoja.