Spidi 91 kwenye barabara ya 70, Virginia: mahakamani kunakuwaje?

mgeni_wa_81

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa anayeijua Virginia. Kuna dereva amesimamishwa na polisi wa jimbo kwenye Interstate 81, upande wa Harrisonburg. Rada imesoma maili 91 kwa saa na kibao ni 70. Leseni yake ni ya Virginia, rekodi safi, ana grini kadi. Karatasi aliyopewa haina kiasi cha faini. Ina tarehe na saa ya kufika General District Court, mahakama ya chini ya huko, na namba ya kifungu cha sheria, 46.2-862. Alisaini palepale kando ya barabara.

Maswali: inaweza kulipwa mtandaoni ikaisha? Kusaini ndiyo kukiri? Siku yenyewe kinafanyika nini hasa? Na wakili ni wa lazima? Kiingereza cha kazini anacho, cha mahakamani hapana.

Soma_Karatasi

Mkuu, jibu lote limejificha kwenye hiyo namba. Kifungu 46.2-862 si tiketi ya spidi. Ndicho wanachokiita “reckless driving”, uendeshaji wa hatari, na Virginia ni kosa la jinai la daraja la kwanza kati ya makosa madogo. Kikomo chake ni jela miezi 12, faini dola 2,500, na leseni kusimamishwa hadi miezi sita. Watu wengi wanaotoka majimbo mengine hawaamini mpaka wamesimama mbele ya hakimu.

Mtu anaingia humo kwa milango miwili, na mmoja unatosha. Wa kwanza ni kuzidi kibao kwa maili 20 au zaidi. Wa pili ni kupita 85, kibao kiwe chochote. Kabla ya Julai 2020 mlango wa pili ulikuwa 80, kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani mtandaoni usiyafuate. Huyo wa 91 kwenye 70 kaingia kwa milango yote miwili: kazidi kwa 21 na kapita 85. Shika hesabu hii, maana itamfaa baadaye. Ili atoke kabisa kwenye kifungu hicho mwendo wake lazima uonekane ni 85 au chini. Kushuka hadi 88 humtoa mlango wa kwanza tu.

Kulipa mtandaoni: hapana. Kosa hili halilipwi kabla, lazima lisikilizwe.

Kusaini: si kukiri. Ni ahadi ya kufika mahakamani, basi. Akikataa kusaini ndipo anajitafutia kukamatwa.

Asipofika? Hakimu anaweza kusikiliza kesi bila yeye na kumtia hatiani, au akatoa hati ya kukamatwa, na kutofika kwenyewe kukawa kosa jingine juu ya la kwanza.

karani_mstaafu

Ngoja mimi nieleze siku yenyewe.

Afike dakika 30 hadi 45 kabla. Mlangoni kuna ukaguzi, na majengo mengi ya mahakama Virginia hayaruhusu simu kuingia. Hapo ndipo watu huumbuka: ushahidi wao wote uko kwenye simu na simu imebaki kwenye gari. Kila kitu kiwe kwenye karatasi, nakala tatu: ya hakimu, ya upande wa mashtaka, na yake.

Ndani, atafute orodha ya kesi ukutani au kwenye skrini, aone jina lake na namba ya chumba. Asubuhi moja inaweza kubeba makumi ya kesi, kwa hiyo saa tatu iliyoandikwa si saa yake peke yake. Wenye mawakili mara nyingi huitwa mwanzo. Akae, asikilize kesi za wenzake. Dakika ishirini za kumtazama hakimu zitamwonyesha mengi: anakasirishwa na nini, nani anapunguziwa.

Akiitwa, anasogea mbele. Kwa kuwa kosa lina uwezekano wa jela, hakimu atamuuliza habari ya wakili kwanza. Ana njia tatu: kuajiri wake, kuomba wa serikali kama kipato ni kidogo, au kutia saini kwamba ameiacha haki hiyo. Wa serikali hapewi kila mtu, maana upande wa mashtaka ukisema hautaomba jela, haki hiyo inaondoka. Akitaka muda wa kutafuta wakili, aseme hapo hapo. Ahirisho la kwanza kwa sababu hiyo kwa kawaida hutolewa. Asisubiri polisi amalize ushahidi ndipo akumbuke wakili.

Kisha: unakiri, unakana, au hupingi? Hilo la tatu linasikika laini, lakini kwenye rekodi matokeo yake ni yale yale ya kukiri.

Akikana, polisi anaapa na kueleza: mahali, saa, kibao, kifaa alichotumia, alivyokipima kabla na baada ya zamu, namba iliyotokea. Kesi nyingi za barabarani hazina mwendesha mashtaka mezani, polisi anajieleza mwenyewe. Mshtakiwa ana haki ya kumuuliza maswali, kisha ya kujieleza au kunyamaza. Uamuzi hutoka dakika hiyo hiyo. Ukiondoa kusubiri, kesi nzima haizidi dakika kumi.

Adhabu ya jela haina jedwali lililoandikwa. Kadiri namba inavyokaribia 100 ndivyo hatari inavyokuwa ya kweli, na mahakimu wanatofautiana kaunti hadi kaunti. Kwa 91 na rekodi safi, wasiwasi mkubwa zaidi ni hatia yenyewe: kwenye rekodi ya DMV, idara ya leseni na magari, inakaa miaka 11, na kwenye rekodi ya jinai haifutiki kwa kupita muda. Pointi sita za adhabu ndizo zinazoisha nguvu baada ya miaka miwili, na watu huchanganya hivyo viwili.

fundi_spidomita

Wengi wanakwenda na maneno, mahakama inataka cheti.

Upande wa polisi: rada lazima iwe imepimwa usahihi ndani ya miezi sita kabla ya tukio, na cheti kiwepo mahakamani. Kwa rada ya kawaida kuna vile vyuma vya umbo la uma vinavyogongwa vikalia. Kila kimoja kinalia kwa mtetemo unaolingana na mwendo fulani, na rada ikiwekewa mbele lazima isome mwendo huo. Vyuma hivyo navyo vina vyeti. Kifaa cha leza hakivitumii, kwa hiyo kwanza ajue kilichotumika ni kipi. Kama polisi alimfuata nyuma na kusoma spidomita yake mwenyewe, basi cheti kinachotakiwa ni cha spidomita ya gari la polisi. Swali la adabu kabisa ni: “Naomba kuona cheti cha kifaa hiki.” Asome tarehe na namba ya kifaa, alinganishe na alichosema polisi. Kwa kawaida kila kitu kipo kwenye faili na kiko sawa, msijenge matumaini yote hapo. Lakini cheti kilichopitwa na muda kimeokoa watu.

Upande wake: apeleke gari likapimwe spidomita kwenye karakana inayotoa ripoti ya kiapo. Sheria ya Virginia inamtaka hakimu aipokee ripoti hiyo kama ushahidi, na anaweza kuitumia katika kuamua hatia au adhabu. Kinachofanya spidomita idanganye mara nyingi ni tairi. Ukifunga tairi yenye kipenyo kikubwa kuliko ya kiwandani kwa asilimia 5, gari linapiga hatua ndefu kwa kila mzunguko. Wewe unaona 80, kumbe unakwenda 84. Hilo halifuti 91 ya rada, ila linaonyesha dereva aliamini yuko kwenye 86 au 87. Hapo hakimu ana sababu ya kupunguza.

Apime kabla ya kubadili tairi, si baada. Na kama ripoti ikitoka kwamba spidomita ni sahihi, aiache nyumbani. Hakuna anayemlazimisha kuibeba.

Lingine, kwa kuwa mtaani linashauriwa sana: kile kifaa cha kunusa rada ni marufuku Virginia kwenye magari madogo. Asiende nacho mahakamani kama utetezi. Yametokea.

Lugha_Mbili

Naongezea la lugha, maana hapo ndipo watu wetu huanguka bila kujua.

Mkalimani ni haki yake katika kesi ya jinai na halipi. Apige simu kwa karani wa mahakama wiki kadhaa kabla, ataje namba ya kesi na aseme wazi ni Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wanaelewana sokoni, lakini “alikuwa anakimbiza gari” na “alikuwa anakimbia” mahakamani ni vitu viwili. Asipeleke shemeji kutafsiri, hakimu atamkataa au, vibaya zaidi, atamkubali.

Jihadharini na “ndiyo” ya heshima. Sisi tukizungumza na mkubwa tunaitikia ndiyo, ndiyo, kuonyesha tunasikiliza. Hakimu akiuliza kama anakiri, ile ndiyo inaandikwa. Na maswali ya kukanusha ni mtego mwingine. Ukiulizwa kwa Kiswahili “Huna wakili?” unajibu “Ndiyo, sina.” Kwa Kiingereza ile “yes” peke yake inasikika kwamba unaye. Ajibu kwa sentensi kamili kila mara: sina wakili, naomba muda. Sikubali kosa.

Na asiseme “nilikuwa kwenye 87 tu, si 91.” Mtu anadhani anajitetea, kumbe 87 imepita 85. Amekiri uendeshaji wa hatari kwa mdomo wake na polisi hana haja tena ya rada. “Nilikuwa nafuata mwendo wa wenzangu” ni hivyo hivyo: ni kukiri kwenye sababu, na sababu yenyewe haikubaliki.

mgeni_wa_81

Asanteni sana. Nimeelewa kuhusu 87. Nilisahau moja: ana leseni ya malori, CDL, ingawa siku hiyo alikuwa kwenye gari lake dogo. Na kuna mtu kamwambia akafanye kozi ya udereva kabla ya tarehe, kesi itafutwa. Ni kweli?

Soma_Karatasi

Hiyo CDL ungeitaja mwanzo, inabadilisha mambo.

Kozi inachukua muda wa saa nane. Kwa dereva wa kawaida kuifanya mapema ni wazo zuri, hakimu akipokea cheti anaona mtu amechukua hatua. Haifuti kesi yenyewe kwa nguvu zake. Kwa mwenye CDL sheria za shirikisho zinakataza mahakama kuficha hatia kwa kuahirisha hukumu au kuibadilisha na kozi, hata kama alikuwa kwenye gari dogo. Cheti kinabaki kuwa cha kuombea huruma kwenye adhabu.

Kisha kuna hesabu ya “makosa makubwa” ya CDL, ambamo kuzidi mwendo kwa maili 15 na uendeshaji wa hatari vyote vimo. Mawili ndani ya miaka mitatu, leseni ya malori inasimama siku 60; matatu, siku 120. Kwa gari dogo kosa linahesabiwa humo pale hatia inapomsababishia kusimamishwa leseni. Maana yake, anachopaswa kupigania zaidi ya faini ni leseni isisimamishwe hata wiki moja.

Kuhusu wakili: sheria haimlazimishi. Lakini jinai, CDL na grini kadi kwa pamoja, mimi ningemwambia asiende peke yake. Achague anayefanya kazi kwenye mahakama hiyo hiyo kila wiki, si wa kutoka mbali mwenye tangazo kubwa. Amuulize mambo matatu: bei ni moja hadi mwisho? Rufaa imo? Hakimu wa hapo hufanyaje kwa 91?

karani_mstaafu

Wakili atakachokifukuzia ni kesi ishuke. Kuna ngazi mbili. Moja ni spidi ya kawaida, ambayo ni kosa la barabarani na si jinai. Ikiandikwa kati ya 81 na 85 kuna nyongeza ya dola 100. Nyingine ni kifungu 46.2-869, uendeshaji usiofaa: faini isiyozidi dola 500, pointi tatu, miaka mitatu kwenye rekodi ya DMV, nayo si jinai. Hiyo ya pili hutolewa hakimu au mwendesha mashtaka akiona uzembe ulikuwa mdogo. Kwa mwenye CDL ndiyo njia ambayo mawakili huiangalia kwanza, kwa sababu haina neno spidi ndani yake.

Akitiwa hatiani ana siku kumi za kalenda kukata rufaa Circuit Court, mahakama ya juu yake. Jumamosi na Jumapili zimo ndani ya hizo kumi. Kule kesi inaanza upya kana kwamba ya kwanza haikuwepo, na anaweza kuomba jopo la wananchi saba. Ila kuanza upya maana yake adhabu pia inaweza kupanda.

Asitoke kwenye jengo kabla ya kupita dirisha la karani. Aulize jumla ya faini na gharama za mahakama, tarehe ya mwisho, na mpango wa kulipa kidogo kidogo kama hana zote. Na achukue nakala ya hukumu yenye mhuri, mbili kabisa. Fomu ya uraia inauliza kama mtu amewahi kupewa samansi au kushtakiwa, hata kesi ikifutwa, na miaka minne baadaye hakuna anayekumbuka namba ya kesi.

mgeni_wa_81

Nimechapisha yote. Kesho anampigia karani kuhusu mkalimani, Jumamosi gari linakwenda kupimwa spidomita. Tairi ni za kiwandani lakini.

fundi_spidomita

Aangalie namba ubavuni mwa tairi alinganishe na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Gari la mkononi, “za kiwandani” ni neno la aliyemuuzia.